Taarifa za Uthibitisho Zinaporudi: Jinsi ya Kulinda Sifa ya Kikoa Chako

Ofisi nyingi hugundua kwamba barua pepe zao zina matatizo siku mteja anapopiga simu kuulizia ankara iliyotumwa tangu juzi. Ikitafutwa, inakutwa kwenye folda ya barua taka, au haionekani kabisa. Fundi akiitwa, mara nyingi hukuta kwamba dalili zilianza wiki kadhaa kabla. Zilikuwepo barua kutoka kwa mtumaji aitwaye MAILER-DAEMON, zimejaa namba na Kiingereza cha kimashine, na hakuna aliyezisoma. Baadhi yake zilihusu taarifa za uthibitisho zilizoshindwa kufika.

Nataka kuzieleza taarifa hizo kwa sababu biashara, shule, zahanati na vyama vya ushirika vinazidi kumiliki vikoa vyao wenyewe, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani. Wachache huambiwa kwamba kikoa kina sifa yake, kwamba sifa hiyo hupimwa kila siku na seva za watu wengine, na kwamba mara nyingi huharibiwa na uzembe wa ndani kuliko uadui wa nje. Anayetangaza anwani ya kupokelea taarifa ameahidi kuzipokea na kuzisoma. Anayetuma taarifa naye ameahidi kusikiliza pale zinapokataliwa. Ahadi hizo zikivunjwa, gharama huwaangukia wote wawili.

Kwa nini taarifa hizi zipo

Kanuni ya kusafirisha barua pepe, SMTP, iliandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa watafiti wachache. Haikuweka njia ya kumhakiki mtumaji. Mtu yeyote mwenye seva angeweza kuandika kwamba barua yake imetoka kwa mkurugenzi wa benki, na seva ya upande wa pili ikaipokea hivyo hivyo.

Barua pepe, kama ile ya posta, ina bahasha na ina karatasi iliyo ndani. Seva husoma anwani za kwenye bahasha, na barua ikishindwa kufika hurudishwa kwa aliyeandikwa huko. Msomaji huona jina lililo kwenye karatasi tu. Majina hayo mawili si lazima yafanane, na matapeli hupenya hapo.

Kanuni tatu zilikuja kuziba pengo hilo. Ya kwanza ni SPF, iliyochapishwa mwaka 2006 na kuandikwa upya mwaka 2014. Mwenye kikoa hutangaza kwenye DNS, mfumo unaotunza kumbukumbu za majina ya intaneti, ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lake. SPF hukagua bahasha. Ya pili ni DKIM ya mwaka 2007, iliyozaliwa kutokana na kazi za Yahoo na Cisco. Hii huweka saini ya kidijitali ndani ya barua, na ufunguo wa kuihakiki hupatikana kwenye DNS. Ya tatu ni DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012 na kuchapishwa rasmi mwaka 2015 kama RFC 7489. Hii hudai kwamba jina lililothibitishwa na SPF au DKIM lilingane na jina analoliona msomaji. Isipokuwa hivyo, seva inayopokea huangalia mwenye kikoa ameagiza nini: `none`, barua ipokelewe kama kawaida, `quarantine`, itiliwe shaka, na mara nyingi hupelekwa kwenye barua taka, au `reject`, ikataliwe.

DMARC iliongeza kitu ambacho mbili za kwanza hazikuwa nacho, nacho ni mrejesho. Ndani ya rekodi yake mwenye kikoa huandika `rua=mailto:` ikifuatiwa na anwani. Kwa kawaida kila baada ya saa 24, seva kubwa duniani zilizopokea barua zenye jina lake humtumia faili la XML lililobanwa kwa gzip au zip. Ndani yake kuna anwani ya IP ya kila seva iliyotuma, idadi ya barua, matokeo ya SPF na DKIM, na hatua iliyochukuliwa. Maneno ya barua zenyewe hayamo. Kwa faili hilo mwenye duka la Mwanza anaweza kujua kwamba jana kuna seva ya bara jingine ilijaribu kutuma mamia ya barua kwa jina la duka lake. Hakuna njia nyingine rahisi ya kulijua hilo.

Unapozisubiri na hazifiki

Taarifa nyingi hukwama kwa upande wa aliyeziomba, na yeye ndiye wa mwisho kujua, kwa kuwa barua inayorudi hurudi kwa mtumaji. Wewe unaona ukimya tu.

Anza na rekodi yenyewe. Iangalie kwa amri ya `dig` au `nslookup` kwenye jina la `_dmarc.` likifuatiwa na kikoa chako. Lazima ianze na `v=DMARC1`. Iwe moja tu, kwa sababu zikiwa mbili seva hutakiwa kuziacha zote, kana kwamba hakuna hata moja. Hili hutokea sana ofisi inapobadilisha fundi: mpya anaongeza rekodi yake na ya zamani inabaki. Hakikisha pia neno `mailto:` halikusahauliwa mbele ya anwani.

Kisha iangalie anwani. Je, ipo? Wengi huandika anwani ya mfanyakazi, naye akiondoka akaunti yake hufungwa. Wengine huandika `dmarc@` kwenye rekodi na wasikumbuke kukiunda kikasha chenyewe. Wengine hukiunda na kukisahau mpaka kinajaa. Mitego mingine miwili iko kwenye vichujio. Baadhi ya seva hukataa viambatisho vya zip au gzip kwa kuhofia virusi, na baadhi huzitupa taarifa kwenye barua taka kwa kuwa zinafanana mno na hazina maneno ya kibinadamu. Jaribio lake ni jepesi: kutoka anwani ya nje, tuma barua yenye faili dogo la gzip kwenda anwani uliyoitangaza, uone kama inafika na inatua wapi.

Kuna kosa jingine ambalo halirudishi barua yoyote. Tuseme kikoa chako ni `duka.example` na taarifa umeelekeza zipelekwe kwa mtaalamu mwenye kikoa cha `mtaalamu.example`. Kanuni inamtaka mtaalamu huyo aonyeshe kwamba amekubali, kwa kuweka kwenye DNS yake rekodi iitwayo `duka.example._report._dmarc.mtaalamu.example` yenye maneno `v=DMARC1`. Bila idhini hiyo seva makini hazitatuma chochote. Sharti hilo lina maana yake: lisingekuwepo, mtu mbaya angeweza kuelekeza taarifa za dunia nzima kwenye kikasha cha adui yake. Kama umeajiri kampuni ya nje na wiki imepita bila taarifa hata moja, uliza kwanza kuhusu rekodi hiyo.

Kipimo cha haraka ni Gmail. Ofisi inayoandikia watu wa Gmail kila siku inapaswa kupata taarifa ya Google karibu kila siku. Siku tatu zikipita kimya, kuna kitu kimeharibika.

Unapozituma zikarudi

Upande wa pili unawahusu wanaoendesha seva zao wenyewe: vyuo, watoa huduma za intaneti, mashirika yenye idara ya TEHAMA. Programu kama OpenDMARC na Rspamd huwawezesha kutuma taarifa kwa kila kikoa kilichowaandikia na kilichoziomba. Ni utumishi mwema, kwani bila watumaji wa taarifa mfumo mzima ungekuwa kipofu. Lakini seva inayofanya hivyo huandikia kila usiku watu wengi isiowajua, kwenye anwani ambazo baadhi zimekufa zamani. Asubuhi kikasha cha msimamizi kimejaa barua zilizorudi.

Zisome kwa namba zake. Jibu la SMTP likianza na 4, kizuizi ni cha muda na seva itajaribu tena yenyewe. Likianza na 5, barua imekataliwa moja kwa moja. Baada yake hufuata namba zenye nukta zinazotaja sababu: 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo, 5.2.2 ni kikasha kilichojaa, 5.3.4 ni barua kubwa kupita kiasi, na zinazoanza na 5.7 ni za usalama au sera. Gmail, kwa mfano, hutumia 5.7.26 kwa barua isiyothibitishwa.

Kila sababu ina dawa yake. Anwani isiyokuwepo iondoe mara moja kwenye orodha ya unaowatumia. Kuendelea kubisha hodi kwa anwani zilizokufa ndiyo tabia ya watuma taka walionunua orodha za kale, na seva kubwa hazina njia ya kujua kwamba wewe unatuma taarifa za heri. Kikasha kilichojaa kipe muda. Hali ikibaki ile ile kwa wiki nzima, mwondoe mwenye kikasha hicho. Faili likiwa kubwa mno, angalia kama mwenye kikoa ameweka kikomo, maana DMARC inamruhusu kuandika, kwa mfano, `!10m` baada ya anwani kumaanisha megabaiti 10. Zile za 5.7 zichukulie kwa uzito wa juu kuliko zote, kwa sababu zinakuhusu wewe: huenda barua zako za taarifa hazina saini ya DKIM, au jina la seva yako haliko kwenye SPF, au IP yako imeingia kwenye orodha ya wanaozuiwa.

RFC 7489 inataka barua zinazobeba taarifa ziwe zenyewe zimepita ukaguzi wa DMARC. Sharti hilo hupuuzwa, na matokeo yake ni mzunguko: seva yako inatuma taarifa isiyothibitishwa, seva ya pili inakutumia taarifa ya kushindwa kwa taarifa yako, na yako nayo inajibu. Tumia kikoa kidogo cha pekee kwa kazi hii, mathalani `taarifa.duka.example`, chenye SPF na DKIM yake, ili matatizo ya taarifa yasiivute barua ya kawaida ya ofisi. Anwani ya kwenye bahasha iwe ya kweli na isomwe na programu inayotambua namba za kushindwa na kumwondoa asiyepatikana. Usizifute tu zinazorudi ili kikasha kionekane safi; ukifanya hivyo unaendelea kukosea usiku hadi usiku bila kujua.

Angalia na saa. Siku ya taarifa kwa kawaida huisha usiku wa manane kwa saa za UTC, ambao kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku, na programu nyingi humwaga kila kitu dakika hiyo hiyo. Zitawanye kwa saa kadhaa. Seva zinazopokea hupunguza kasi ya anayekuja kwa kishindo, na utaona majibu ya 4 yakipungua.

Na kama seva yako ni ndogo, imekodiwa juzi, haina mtu wa kuiangalia, zima utumaji wa taarifa. Kanuni inahimiza kuzituma ila haikulazimishi. Kutotuma ni bora kuliko kutuma ovyo.

Barua zinazorudi ambazo hukuzituma

Wakati mwingine kikasha hujaa barua zilizorudi na hakuna yeyote ofisini aliyetuma chochote. Usikimbilie kubadilisha nywila zote. Fungua moja, shuka hadi kwenye vichwa vya barua ya awali, utafute mistari ya `Received` na IP ya seva iliyotuma. Kama si seva yako, mtu ameghushi jina lako, na seva zilizopokea zikakosea kwa kukurudishia wewe. Kama ni seva yako, hapo kuna hatari ya kweli: akaunti imeibwa. Badilisha nywila ya akaunti hiyo, isimamishe kutuma, ufute zilizobaki kwenye foleni.

Wenye seva wajifunze hapa wajibu mmoja. Barua usiyoitaka ikatae wakati seva ya pili bado iko kwenye mazungumzo nawe. Ukiipokea kisha ukaamua kuirudisha, unamrudishia yule aliyeandikwa kwenye bahasha, ambaye mara nyingi ni mtu asiye na hatia. Seva zenye tabia hiyo huishia kwenye orodha za kuzuiwa.

Sifa hupimwaje

Sifa hufungwa kwenye vitu viwili, IP ya seva na jina la kikoa. Kampuni zinazopokea barua hutazama ni mara ngapi unaandikia watu wasiokuwepo, ni wangapi wanaobonyeza kitufe cha kuripoti taka, kama uthibitisho wako uko sawa, na kama wingi wa barua zako umepanda ghafla. Ziko pia taasisi huru, na Spamhaus, iliyoanzishwa mwaka 1998, ni miongoni mwa zinazojulikana sana. Seva nyingi duniani huuliza orodha zake kabla ya kupokea barua.

Masharti yamekazwa. Tangu Februari 2024, Google inamtaka kila anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail awe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja, na barua zake za matangazo ziwe na njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja. Yahoo iliweka masharti yanayofanana wakati huo huo. Malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3, na inashauriwa yabaki chini ya 0.1. Microsoft ilifuata mwezi Mei 2025 kwa anwani za Outlook.com na Hotmail. Ofisi ndogo isijidanganye kwamba haiguswi. Hata anayetuma barua kumi kwa siku anatakiwa na Google awe na SPF au DKIM, na IP yake iwe na rekodi ya PTR, inayoifungamanisha na jina la seva.

Wengi wetu tunakodi nafasi kwenye seva ya pamoja, yenye cPanel, ambako vikoa vingi hutumia IP moja. Jirani mmoja akituma taka, wote mnaadhibiwa. Huwezi kumchagua jirani, ila unaweza kuilinda sifa ya kikoa chako: ndani ya cPanel kuna ukurasa wa Email Deliverability unaoonyesha kama DKIM na SPF ziko sawa. Ukiona IP ya seva imezuiwa mara kwa mara, mtake mwenye seva alishughulikie, au hama.

SPF ina mtego wake pia. Ukaguzi mmoja hauruhusiwi kuuliza DNS zaidi ya mara 10. Kila huduma mpya, iwe ya uhasibu, ya matangazo au ya mishahara, huongeza `include` yake, na siku kikomo kinapopitwa SPF yote huhesabiwa kuwa na kosa la kudumu. Ofisi hushangaa: jana barua zilifika, leo zinarudi, na hakuna aliyegusa seva. Aliyeongeza `include` ya mwisho kwenye DNS hakujua kwamba amevuka kikomo.

Usikimbilie kukataa

Anayefunga DMARC aanze na `none`, asome taarifa kwa wiki kadhaa, aiorodheshe kila huduma halali inayotuma kwa jina lake, airekebishe, ndipo apande hadi `quarantine` na mwishowe `reject`. Mwezi Aprili 2014 Yahoo ilihamia `reject` kwa anwani za wateja wake. Watu wa Yahoo walioandika kwenye orodha za mijadala ya barua pepe walikuta barua zao zinakataliwa na Gmail na wengineo, kwa kuwa programu za orodha zilibadilisha barua na kuzituma kutoka seva nyingine. Barua zikarudi kwa wingi, na programu hizo, zikidhani wapokeaji ndio wenye tatizo, zikawaondoa wanachama wasio na kosa. Uamuzi wa mmoja uliwagharimu watu wengine, na barua zilizorudi ziliadhibu wasiohusika.

Tahadhari moja ya kisheria. Mbali na `rua` kuna `ruf`, taarifa za barua moja moja zilizoshindwa, ambazo zinaweza kubeba anwani za watu na vichwa vya habari vya barua zao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usizipokee taarifa za aina hiyo bila sababu ya msingi na mahali salama pa kuzitunza. Kwa ofisi nyingi `rua` inatosha.

La kufanya wiki hii

Iangalie rekodi yako ya DMARC. Ijaribu anwani iliyoandikwa humo kwa barua yenye kiambatisho. Fungua taarifa tatu za karibuni na ukague kila IP: ni yetu, ni ya huduma tuliyoilipia, au hatuijui? Kama unatuma taarifa kwa wengine, soma zilizorudi jana na uondoe anwani zilizokufa. Sajili kikoa chako kwenye Google Postmaster Tools, ambayo hailipiwi, uone Gmail inakuhesabuje.

Kisha mkabidhi mtu mmoja mwenye jina kazi ya kusoma taarifa hizo kila wiki, na iandikwe kwenye majukumu yake ili akiondoka irithiwe na mwingine. Kama hakuna wa kuzisoma, ondoa `rua` kwenye rekodi mpaka apatikane. DMARC itaendelea kufanya kazi bila hiyo, na seva za watu hazitapoteza usiku kuandikia kikasha ambacho hakifunguliwi.